Mlio wa Gurudumu Kwenye Kona: Namna ya Kuutambua Kabla Haujaleta Madhara

Mada kwa madereva, wamiliki wa vyombo vya usafiri na mafundi wa gereji wa mwambao wa Ziwa Victoria



Gari linapokwenda moja kwa moja huweza kuficha ubovu wake kwa muda mrefu. Linapoingia kwenye kona, ubovu huo hutoa sauti. Ndiyo maana madereva wengi hufika gereji na lalamiko lilelile: "Nikinyoosha hakuna kitu, nikikata kona ndipo linalia."

Mwanza si mahali pa kuzikwepa kona. Jiji limejengwa juu ya vilima na kati ya majabali. Barabara za kupanda Bugando na Isamilo hupindapinda, na katikati ya Jiji magari huzunguka kwenye mizunguko ya barabara, ambayo wengi huiita kipilefti. Nje ya Jiji, dereva wa Sengerema, Misungwi, Magu au Kwimba hukutana na changarawe, vumbi na tope zito la mbuga. Anayekwenda Ukerewe kupitia Kisorya na Rugezi hulazimika kupinda usukani hadi mwisho ili kujipanga ndani ya kivuko. Katika mazingira hayo, gurudumu lenye kasoro halikosi nafasi ya kulia.

Mlio huo hupokelewa kwa namna mbili zilizo mbaya. Wapo wanaoongeza sauti ya redio ili wasiusikie. Wapo pia wanaokimbilia kubadili kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha, hadi mlio ukome au fedha ziishe. Namna ya kwanza huhatarisha maisha ya abiria, kwa kuwa baadhi ya milio ni onyo la gurudumu linaloelekea kuchomoka. Namna ya pili humaliza mtaji wa mtu ambaye gari ndilo shamba lake na ndilo duka lake.

Iko njia ya tatu, nayo haihitaji mashine. Ni kuusikiliza mlio kwa utaratibu kabla spana haijashikwa. Fundi huliona gari likiwa limesimama; dereva ndiye aliyekuwa ndani yake lilipolia. Kwa hiyo dereva ni shahidi, na kazi ya gereji huwa nyepesi au nzito kulingana na ushahidi anaoufikisha.

Kinachotokea gari linapokata kona

Gari linapopinda kulia, uzito wake huhamia upande wa kushoto. Abiria wa daladala hulijua jambo hili kwa miili yao: gari likikata kulia, wote huegemea kushoto. Magurudumu ya kushoto hubeba mzigo mkubwa zaidi, na yale ya kulia hupungukiwa. Gari likipinda kushoto, mambo hugeuka. Kanuni hii moja ndiyo msingi wa sehemu kubwa ya uchunguzi: kona ya kulia huyapima magurudumu ya kushoto, na kona ya kushoto huyapima ya kulia.

Jambo la pili ni kwamba magurudumu hayatembei umbali ulio sawa. Gurudumu la nje ya kona hupita njia ndefu kuliko la ndani. Kwa sababu hiyo magurudumu ya mbele hayapindi kwa pembe moja; la ndani hupinda zaidi. Mpango huo ulibuniwa na Mjerumani Georg Lankensperger kwa ajili ya magari ya farasi, na Rudolph Ackermann akausajili Uingereza mwaka 1818. Hadi leo magari huundwa kwa msingi huo. Vyuma vinavyoshikilia mpango huo vikilegea au vikipinda, matairi hayaviringiki tena kwa uhuru kwenye kona, bali huburuzwa, na mpira unaoburuzwa hulia.

Jambo la tatu ni difu, ambayo huyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti. Pale ruhusa hiyo inapokosekana, kona hugeuka kuwa mapambano kati ya tairi na barabara.

Maswali manne ya kujiuliza

Kabla ya kufika gereji, dereva anapaswa kuwa na majibu ya maswali manne.

Swali la kwanza: mlio husikika kona ya kulia, ya kushoto, au zote mbili? Jibu hili huelekeza upande wa kuchunguza.

Swali la pili: husikika katika mwendo gani? Mlio unaotokea gari likitambaa huku usukani umepindwa hadi mwisho ni tofauti na ule unaotokea kwenye kona pana kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa.

Swali la tatu: husikika juu ya ardhi ya namna gani? Mlio unaobadilika gari linapotoka kwenye lami ya zamani na kuingia kwenye lami mpya, aghalabu, ni wa tairi. Usiobadilika hata kidogo hutoka kwenye vyuma. Aidha, si kila sauti ni ya gari. Kwenye madaraja marefu, likiwemo Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, viungio vya sakafu ya daraja huweza kutoa mdundo kila gurudumu linapovikanyaga. Mdundo huo hukoma daraja linapokwisha.

Swali la nne: husikika gari likiwa na mzigo au likiwa tupu? Gari lililojaa magunia ya dagaa huinama, na tairi lililokuwa na nafasi asubuhi huanza kugusa bati mchana.

Majibu hayo manne yaandikwe kwenye karatasi. Yana thamani kuliko maneno "gari linapiga kelele", ambayo fundi hawezi kuyafanyia kazi.

Yowe la mpira

Mlio wa kwanza ni yowe jembamba la mpira, mfano wa kiatu kipya kwenye sakafu iliyosuguliwa. Hutokea pale vipande vya kashata ya tairi vinaposhika barabara, vikateleza, vikashika tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Yowe likisikika kwenye sakafu laini ya saruji, kama vile kituo cha mafuta au maegesho, tena kwa mwendo mdogo, si lazima liwe dalili ya ubovu. Yowe likisikika kwenye lami ya kawaida, kwa mwendo ambao magari mengine hupita kimya, hilo lina sababu.

Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni upepo, kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko zote. Tairi lenye upepo pungufu hulala ubavu kwenye kona na kuburuza mabega yake. Upepo hupimwa tairi likiwa la baridi, kabla ya safari, kwa kipimo na si kwa kulipiga teke. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwa kawaida kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwenye magari mengi yaliyoagizwa kutoka Japani kibandiko hicho kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu zake husomeka na kila mtu: kPa 220, kwa mfano, ni takriban pauni 32 kwenye kipimo cha gereji zetu.

Sababu ya pili ni mwelekeo wa magurudumu. Magurudumu ya mbele yasipotazama upande mmoja, kila moja huuvuta mpira wake kwa mshazari. Uchunguzi wake hauna gharama: gari likiwa limesimama na kuzimwa, dereva apapase uso wa tairi kwa kiganja, kutoka ndani kwenda nje, kisha kutoka nje kwenda ndani. Ikiwa upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza kama meno ya msumeno, gari linahitaji kupimwa na kunyooshwa mwelekeo, kazi ambayo gereji huiita alaimenti. Kununua matairi mapya kabla ya kazi hiyo ni kuyatoa mapya yaliwe kama yalivyoliwa ya zamani.

Sababu ya tatu ni umri. Mpira hukakamaa kadiri miaka inavyopita, hata kama kashata bado ni nene. Ubavuni mwa tairi yapo maandishi DOT, na mwisho wake zipo tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tarakimu 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Baadhi ya watengenezaji hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na lisitumike kabisa baada ya miaka 10. Anayenunua tairi la mtumba kwa kuangalia unene wa kashata peke yake, bila kusoma tarakimu hizo, huenda ananunua mpira uliozeeka kabla haujamfikia.

Mvumo: ni tairi au ni beringi?

Mlio wa pili ni mvumo mzito unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, kama ngurumo ya mbali. Huu ndio unaowapoteza wengi, kwa kuwa una wazazi wawili wanaofanana sauti: tairi lililoliwa vibaya, na beringi ya gurudumu iliyochoka. Kosa la kuvichanganya viwili hivi lina uzito. Tairi lililoliwa mabonde huudhi masikio, na dereva ana muda wa kupanga matengenezo. Beringi iliyokufa huweza kukwama au kuliachia gurudumu.

Mzunguko wa barabara unatoa kipimo cha asili. Kwa kuwa Tanzania magari hupita kushoto, gari linaloingia kwenye mzunguko hupinda kidogo kushoto, kisha hulizunguka duara likiwa limepinda kulia, kisha hutoka kwa kupinda tena kushoto. Mvumo ukikua katikati ya duara na kufifia wakati wa kutoka, gurudumu la kushoto ndilo la kushukiwa, kwa kuwa ndilo lililokuwa limebeba uzito. Mvumo ukikua wakati wa kuingia na kutoka, na ukafifia katikati, gurudumu la kulia ndilo la kushukiwa. Mvumo usiobadilika popote pale huelekeza zaidi kwenye matairi. Redio izimwe na vioo vifungwe, na mwendo uwe uleule wa kawaida. Kipimo hiki hakihitaji haraka.

Dereva anaweza pia kuondoa mguu kwenye mafuta kwa muda mfupi mahali palipo wazi na tambarare. Mvumo ukiendelea vilevile huku injini imetulia, chanzo kiko kwenye magurudumu na si kwenye injini. Asiweke gia huru kwenye mteremko kwa ajili ya kusikiliza; kwenye vilima vya Mwanza jaribio hilo limebeba hatari kubwa kuliko ubovu unaotafutwa.

Ushahidi wa barabarani huthibitishwa gereji. Gari liwe mahali pa tambarare, magurudumu mengine yazuiwe, na uzito ubebwe na stendi za chuma, si jeki peke yake wala mawe yaliyopangwa. Gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, fundi aangalie kama linalocheza ni beringi au boljointi. Kisha mtu mmoja alizungushe kwa mkono na mwingine aweke kiganja juu ya springi ya upande huo. Beringi nzima huzunguka kimya. Iliyochoka hutetemesha springi kwa mkwaruzo unaofika kiganjani, hata kama sikio halijausikia. Kwenye magari ya kisasa, taa ya ABS inayowaka na kuzima pamoja na mvumo ni ushahidi mwingine, kwa kuwa kihisio chake kiko jirani na beringi na huvurugika gurudumu linapocheza.

Ushahidi ukiwa bado haujakamilika, ipo hatua ya kati isiyo na gharama kubwa: kuhamisha matairi ya mbele kwenda nyuma na ya nyuma kuja mbele. Mvumo ukihama pamoja nayo, ni wa matairi. Ukibaki pale pale, ni wa vyuma.

Neno moja kwa mafundi. Beringi za mbele za magari mengi madogo huingia kwa kubana sana, na zinapaswa kutolewa na kuingizwa kwa presi. Beringi inayopigwa kwa nyundo huumizwa golori zake na njia zake kabla haijatembea hata kilomita moja, na mvumo hurudi mapema. Mteja hudhani ameuziwa kifaa bandia, kumbe kifaa kilikuwa kizima na kikauawa wakati wa kufungwa.

Kugonga, kusugua na kuguna

Mlio wa tatu ni kugonga kwa mfululizo, tak-tak-tak, pale gari linapoondoka huku usukani umepindwa sana. Huu ni mlio wa kiungo cha nje cha ekseli ya mbele, ambacho mafundi hukiita sivijointi. Kiungo hicho huishi ndani ya grisi iliyofunikwa kwa mpira uitwao buti. Buti likipasuka, grisi hurushwa nje na vumbi huingia. Alama yake ni grisi iliyotapakaa kama nyota upande wa ndani wa rimu. Dereva anayechungulia hapo mara moja kwa wiki huweza kuliona buti lililopasuka mapema, akabadili buti na grisi tu. Anayengoja hadi kiungo kigonge atabadili kiungo kizima.

Mlio wa nne ni mgongo mmoja mzito, "gudu", gari linapoanza kuingia kwenye kona au linapokanyaga shimo likiwa limepinda. Hutokana na boljointi, tairodi, bushi au shokapu zilizolegea. Miongoni mwa hivyo, boljointi na tairodi havivumiliwi. Kimojawapo kikikatika, gurudumu hugeukia upande wake na usukani hauna tena amri juu yake.

Mlio wa tano ni kusugua. Tairi hugusa bati, plastiki ya ndani ya bodi au chuma cha shokapu. Mara nyingi chanzo ni tairi au rimu iliyo kubwa kuliko kipimo cha gari, au springi zilizolala kwa kubeba kupita kiasi. Alama yake ni sehemu inayong'aa kwa kusuguliwa. Tairi linalosuguliwa ubavu halitoi onyo la pili, kwa sababu ubavu ndio sehemu nyembamba kuliko zote.

Mlio wa sita ni kuguna kwa usukani. Ikiwa gari huguna hata likiwa limesimama, pale tu usukani unapopindwa, matairi hayahusiki. Mafuta ya pawa steringi yaangaliwe kwanza, pamoja na mkanda wa pampu. Vilevile usukani usishikiliwe kwenye mwisho wake kwa muda mrefu, tabia inayoonekana sana wakati wa kujipanga kwenye vivuko, kwa kuwa hapo pampu husukuma kwa nguvu zake zote.

Ipo na milio midogo isiyo na madhara makubwa. Kokoto iliyonasa kwenye kashata hugonga kwa kila mzunguko wa gurudumu. Jiwe dogo lililoingia kati ya diski ya breki na bati la kuikinga hukwaruza kwa sauti ya kutisha, na huondolewa kwa dakika chache. Hayo yaangaliwe kabla ya kifaa chochote kununuliwa.

Magari ya magurudumu manne

Magari mengi ya kazi katika wilaya zetu, yakiwemo yanayopeleka wataalamu na dawa vijijini, yana gia ya magurudumu manne inayoingizwa kwa mkono. Mengi ya aina hiyo hayana difu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kwenye tope au mchanga hakuna tatizo, kwa kuwa magurudumu huteleza na kusawazisha tofauti. Dereva akisahau kuitoa gia hiyo baada ya kufika kwenye lami kavu, ekseli mbili hupambana kwenye kila kona: matairi hulia, gari hurukaruka na usukani huwa mzito. Kifaa hakijaharibika, lakini kitaharibika dereva asipochukua hatua. Dawa yake ni kurudisha gia ya magurudumu mawili mara lami inapoanza.

Maji, vumbi na tope la mbuga

Vipo vyanzo vya ubovu vinavyotokana na mahali penyewe. Gari lililotoka safari ndefu, kisha likaingizwa ziwani kuoshwa au kupakia samaki kutoka kwenye mtumbwi, huwa na beringi zenye joto. Joto linapozimwa ghafla na maji, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta maji kupitia kwenye sili. Maji hayo huosha grisi na kuleta kutu. Mvumo hauanzi siku hiyo. Huanza wiki kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka ziwa. Uoshaji huo pia huacha mafuta na grisi katika maji ambayo wananchi huyachota, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ulinzi wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kuacha tabia hiyo ni faida kwa ziwa na kwa gari.

Tope jeusi la mbuga nalo lina hila yake. Hukauka ndani ya rimu kama udongo wa chungu, likalifanya gurudumu kuwa zito upande mmoja na usukani kutetemeka. Kabla ya kulipia kazi ya balansi, rimu zioshwe ndani.

Mfano wa gharama

Ichukuliwe mfano wa dereva wa Hiace anayefanya safari kati ya Kisesa na katikati ya Jiji. Gari linaanza kuvuma. Anayemsikiliza kwanza anasema ni matairi. Yananunuliwa mawili, mvumo unabaki. Wa pili anasema ni giaboksi. Mafuta yanabadilishwa, mvumo unabaki. Siku zinapita, hesabu ya tajiri haitimii, na abiria wanaanza kuulizana. Hatimaye gurudumu la mbele kushoto linaanza kunuka moto, na gari linafungwa.

Dereva huyo alikuwa akizunguka kipilefti mara kadhaa kila siku. Kila mara mvumo ulikua akiwa katikati ya duara na kufifia alipotoka. Ushahidi wa beringi ya kushoto ulikuwapo tangu siku ya kwanza, lakini hakuna aliyemuuliza, naye hakujua kwamba jambo hilo ni la kusemwa. Matairi mawili na mafuta ya giaboksi vilinunuliwa kwa kukosa sentensi moja. Na katika siku zote hizo, abiria walikuwa wamekalia gurudumu ambalo lingeweza kuchomoka kwenye mteremko wowote.

Wakati wa kusimama na wakati wa kupanga

Si kila mlio humlazimu dereva kusimamisha gari. Ipo milio inayongoja mwisho wa siku, na ipo isiyongoja hata kituo kinachofuata.

Gari lisimamishwe mara moja, mahali salama, na abiria washushwe, iwapo gurudumu linanuka moto au kutoa moshi. Iwapo kugonga kumeambatana na usukani unaocheza. Iwapo tairi linasugua na ubavu wake umejeruhiwa. Au iwapo kugonga kumeanza muda mfupi baada ya gurudumu kufunguliwa na kufungwa. Hili la mwisho mara nyingi ni nati zilizolegea. Nati hukazwa kwa mpangilio wa kukingamana, si kwa kuzunguka, na hukaguliwa tena baada ya gari kutembea kilomita 50 hadi 100.

Gari lipelekwe gereji ndani ya siku chache, kwa mwendo wa taratibu, iwapo kuna mvumo unaobadilika kwenye kona, au tak-tak-tak ya sivijointi. Siku chache zisigeuke kuwa miezi.

Yowe la mpira, rimu zenye tope na kuguna kwa usukani vinaweza kupangiwa nafasi, mradi upepo na mafuta vikaguliwe siku hiyohiyo.

Ukaguzi wa kila asubuhi hauzidi dakika tano: kupima upepo wa matairi yote, kupapasa kashata na kuangalia alama za uchakavu ndani ya mifereji, ambazo kwa matairi mengi ya magari madogo huonyesha kimo cha milimita 1.6 kilichobaki, kuchungulia grisi ndani ya rimu, kugusa nati moja moja. Baada ya safari ya kwanza, dereva asogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu moja lenye joto kuliko mwenzake lina breki inayoshika au beringi inayolalamika.

Wamiliki nao wana sehemu yao. Dereva anayeripoti mlio asionekane mvivu anayetafuta mapumziko. Tajiri anayemkemea humfundisha kunyamaza, na dereva aliyefundishwa kunyamaza hunyamaza hata siku ambayo gurudumu limelegea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Kwa gari la abiria, kifo hicho si cha mtu mmoja.

Abiria pia wasikae kimya. Anayeketi juu ya gurudumu la nyuma husikia yale ambayo dereva hayasikii. Neno lake, likisemwa kwa heshima gari linaposimama kituoni, ni msaada.

Redio izimwe kwenye kipilefti cha kwanza kesho asubuhi, na gari lisikilizwe hadi litoke. Ikiwa ni kimya, safari njema. Ikiwa kuna mlio, upande wake uandikwe, mwendo wake uandikwe, na karatasi hiyo ifike kwa fundi kabla ya fedha.